Bahasha za Washukiwa: Shajara ya Kusoma na Kuhakiki Riwaya za Upelelezi

Wiki ya 1

Riwaya za upelelezi nimezisoma tangu enzi za tochi chini ya shuka. Lakini juzi mtu kaniuliza kitabu nilichomaliza wiki iliyopita kilikuwaje, nikajikuta nasema, "Kitamu, kimenishika mpaka mwisho." Basi. Nani aliuawa, nilikumbuka. Nani aliua, ilinibidi nifikirie kwanza. Mwandishi alinishika kwa kamba gani, hilo sikuwa na jibu kabisa. Miaka yote hiyo ya kusoma, na sina hata aya moja ya maana ya kumwambia mwenzangu.

Kwa hiyo nimejianzishia mradi. Vitabu 20, bila tarehe ya mwisho. Kila kitabu nakisoma mpaka theluthi mbili, nakifunga, nachukua karatasi, naandika jina la ninayemshuku na sababu zangu, kila sababu na ukurasa wake. Karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha inapigwa gundi na kupewa namba. Ndipo namalizia kusoma. Nikishamaliza nafungua bahasha, najipa alama, halafu naandika uhakiki wa ukurasa mmoja, ambao jamaa zangu watano tunaobadilishana vitabu wataupata kabla ya kitabu chenyewe kuwafikia. Sharti la uhakiki ni moja tu: nisipasue mbarika.

Kwa nini theluthi mbili? Kwa sababu hapo, katika riwaya nyingi za aina hii, washukiwa wote wameshahojiwa walau mara moja, na mpelelezi bado hajaanza kutabasamu peke yake. Akishaanza kutabasamu peke yake, umechelewa.

Dada yangu ni mmoja wa hao watano, na ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Amecheka sana. "Mdogo wangu, wewe wa kufungua ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza? Hiyo gundi utaibandua usiku huo huo." Nilikuwa na miaka 14. Yeye hasahau.

Wiki ya 2

Nimeona nianzie kwenye shina. "The Murders in the Rue Morgue" ya Edgar Allan Poe ilitoka mwaka 1841, na wengi huihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi kama tunavyoujua leo: mauaji yasiyoeleweka, polisi waliokwama, bwana mmoja mwenye kichwa kikali aitwaye Dupin, na rafiki yake asiye na jina ambaye ndiye anayetusimulia. Ni hadithi fupi, nimeimaliza usiku mmoja, na bahasha yangu ilikuwa mbali na jibu kama mbingu na ardhi. Lakini kuna mahali pamoja pamenikalisha chini.

Mashahidi walisikia sauti mbili ndani ya nyumba walipokuwa wakipanda ngazi. Ile nzito haina mgogoro. Ile nyembamba kila mmoja anasema ni ya mgeni. Mholanzi anasema ilikuwa ya Mfaransa, na yeye Kifaransa hakijui, amehojiwa kupitia mkalimani. Mwingereza anasema ya Mjerumani, na Kijerumani haelewi. Mhispania anasema ya Mwingereza. Kiingereza hajui, amekisia kwa lafudhi tu. Mwitaliano anasema ya Mrusi, na maishani mwake hajawahi kuongea na Mrusi.

Nilipita hapo kama mtu anayepita kwenye orodha ya majina. Nikasema moyoni, haya, mashahidi hawaelewani, ndiyo kawaida yao. Kumbe dalili haikuwa katika wanayotofautiana bali katika jambo moja wanalofanana wote, bila mmoja wao kujua. Mbele ya hapo siendi. Ila kwenye jalada la ndani la daftari nimeandika kwa kalamu nyekundu: tazama wanapokubaliana.

Wiki ya 4

Kitabu cha pili na cha tatu vimekwisha. Bahasha zote mbili nimepata. Kichwa kimeanza kuvimba.

Nikitafuta namna ya kupima kama mwandishi amenitendea haki, nimerudi kwenye zile amri 10 za Ronald Knox za mwaka 1929. Knox alikuwa padri wa Kikatoliki aliyeandika riwaya hizi pia, na amri zake zina utani ndani yake, lakini nyingi bado zina meno: muuaji awe ametajwa mapema, mpelelezi asiokolewe na bahati wala na machale yasiyoelezeka, njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja, sumu isiwe ya kubuni, mapacha wasichipuke ghafla bila msomaji kuandaliwa. Mwaka mmoja kabla yake S. S. Van Dine alikuwa ametoa za kwake 20, kavu kama kuni, akapiga marufuku hata mapenzi. Hizo nimezisoma mara moja, imetosha.

Ninayoipenda kwa Knox ni ya tisa: rafiki wa mpelelezi asitufiche anachowaza, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida. Mara moja nimemkumbuka Najum, mwandani wa Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko chake na kimya chake; Najum ndiye anayeuliza lile swali ambalo sisi tungeona haya kuliuliza. Zamani nilimwona Najum mzigo, nikawa naruka maneno yake nimfikie bwana mkubwa. Sasa naona bila yeye ningebaki na mtu mmoja anayevuta kiko na mimi nisiyejua anawaza nini.

Wiki ya 5

Nimeharibu.

Uhakiki wangu wa kitabu cha nne ulikuwa mzuri, naapa. Sikutaja muuaji, sikutaja silaha, sikugusa sura tano za mwisho. Niliandika tu kwamba msimulizi "anatueleza kila kitu kwa utulivu wa ajabu." Siku tatu baadaye mmoja wa wale watano akanipigia simu, sauti imejaa ubaridi. "Nimefika ukurasa wa 30. Tangu wa kwanza namtazama msimulizi tu, kila anachosema nakitilia shaka. Umenimalizia kitabu, bwana." Nikamwambia sikusema chochote. Akasema, "Ulisema *ajabu*."

Neno moja. Na ana haki. Msomaji wa riwaya hizi hasomi uhakiki kama watu wengine wanavyosoma. Anaupekua kama mfuko wa mshukiwa. Ukimwambia "mwisho utakushangaza", umeshamwondolea yule mtu wa wazi wazi ambaye kila mtu anamshuku. Ukisema "sikupata kuona riwaya iliyomsuka mjane vizuri hivi", basi mjane ameshakufa au ameshaua. Kuna ile riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926 iliyowagawa wasomaji, wengine wakidai wamepigwa changa la macho, wengine wakiapa kwamba kila kitu kiliwekwa mezani. Ukitaka kuieleza kwa nini iligombewa, umeimaliza. Hapa penyewe nimeshasema mengi kuliko inavyofaa.

Nimemwomba radhi. Kitabu amekirudisha bila kukimalizia, na hilo linaniuma kuliko simu.

Wiki ya 6

Kanuni mpya ya uhakiki: sura ya tano ndiyo mpaka. Naweza kueleza chochote kilichotokea kabla ya hapo, na baada ya hapo nazungumzia lugha, mwendo, mahali, na watu ambao wamekwisha thibitika kuwa maiti. Vivumishi vya sifa vinapigwa msasa mmoja mmoja.

Wiki ya 9

Vitabu vinane. Nimepata vitano, nimekosa vitatu. Nilikuwa najiandaa kumtambia dada, nikatoa karatasi zote kwenye bahasha na kuzipanga sakafuni ili nizihesabu vizuri. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja: nikasoma sababu, si majina.

Bahasha ya 2: "Ni mpole mno, p. 57." Bahasha ya 3: "Ametajwa mapema halafu kapotea, lazima atarudi." Bahasha ya 6: "Anaonekana mara mbili tu lakini mwandishi kampa jina kamili, kazi na historia ya goti bovu. Kwa nini goti?" Bahasha ya 7 ndiyo ya aibu kabisa: "Wengine wote wameshashukiwa."

Haya si ushahidi. Ningesimama nayo mbele ya hakimu angenifukuza kabla sijamaliza sentensi. Katika vitano nilivyopata, vinne nilipata kwa kuzoea tabia za waandishi: kwamba hawapotezi wino kwa mtu asiye na kazi, kwamba mtu wa kwanza kukamatwa huwa siye, kwamba anayemsaidia sana mpelelezi ni wa kuchungwa. Nilikuwa nampeleleza mwandishi, simpelelezi muuaji. Kimoja tu, bahasha ya 8, ndicho nilichokipata kwa jambo lililomo ndani ya hadithi: mtu alijua mvua ilianza saa ngapi wakati anadai alikuwa amelala.

Kwa hiyo alama zangu mbili zimekuwa tatu. U ni ushahidi, M ni mazoea, K ni kosa. Hesabu mpya ya vitabu vinane: U moja, M nne, K tatu. Dada sijamwambia.

Wiki ya 10

Sijasoma kitu. Kazi.

Wiki ya 12

Kitabu cha kumi nimekiazima kwa mtu aliyekiazima kwa mtu. Jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa zina rangi ya chai, na kwenye ukurasa wa 41, pembeni ya jina la daktari wa familia, kuna maandishi ya penseli kwa herufi kubwa: HUYU! Chini yake mistari miwili, wa pili umekolezwa mpaka karatasi imechanika kidogo.

Nilikasirika. Nikafunga kitabu, nikazunguka chumba, nikakifungua tena. Nitafanyaje? Jina nimeshaliona. Nikaamua niendelee hivyo hivyo nikiwa nimempa daktari msamaha wa bandia, kama ambavyo huwezi kuacha kumfikiria tembo ukikatazwa kumfikiria.

Ukurasa wa 88: "Hapana. Mke." Mwandiko ule ule, lakini herufi ndogo sasa, zenye unyonge. Ukurasa wa 102, pembeni ya maelezo ya mkwe anayepogoa miti: "mkasi???" Ukurasa wa 133, hakuna jina, imeandikwa tu: "nimechoka na nyie wote." Nikacheka kwa sauti. Huyu mtu, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui ni miaka mingapi iliyopita, alikuwa akifanya mradi wangu bila gundi na bila bahasha. Kuanzia hapo nilisoma naye. Nilipofika theluthi mbili niliandika karatasi yangu nikitumia hoja zake mbili, na ya mkasi nikaitupa.

Wote tulikosa. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ameandika "aa" na nukta moja.

Uhakiki wa kitabu hiki umenichukua siku nne, kwa sababu kila sentensi nzuri ilikuwa juu ya penseli badala ya riwaya. Riwaya yenyewe ni ya wastani. Mazungumzo yake yamenyooka kama fomu ya serikali, na inspekta ana huzuni ambayo hatuambiwi imetoka wapi.

Wiki ya 13

Nimeongeza hatua baada ya kumaliza kitabu: kurudi nyuma. Kabla sijaandika neno la uhakiki nasaka mahali ambapo mwandishi aliniwekea jibu mkononi nami nikalidondosha. Kama mahali hapo hapapo, kitabu kinapoteza alama nyingi hata kama kilinikesha.

Hii ndiyo sehemu iliyonifunza zaidi ya zote. Dalili haifichwi kwa kufunikwa. Inafichwa kwa kuonyeshwa ukiwa unatazama kwingine. Mfano kutoka kitabu cha 11, ambacho sikitaji kwa sababu unajua kwa nini. Mtumishi anataja vitu vilivyokuwa juu ya meza ya marehemu: miwani, bahasha tatu, kisu cha kufungulia barua, mshumaa, dawa za usingizi. Msomaji wa kawaida, yaani mimi, anarukia dawa za usingizi kwa sababu ndizo za mwisho na ndizo zenye harufu ya kifo. Kabla hujavuta pumzi simu inalia na mtu anapiga kelele ghorofani. Sasa, nyumba ile ina umeme. Tumeambiwa ina umeme sura nzima iliyopita, bwana mwenyewe kajisifu kwa taa zake. Mshumaa wa nini? Umewekwa katikati ya orodha, wa nne kati ya vitano, mahali ambapo jicho hutelezea, na juu yake ukamwagiwa ukelele.

Niliurudia ukurasa ule mara tatu kama mtu aliyeibiwa saa mkononi anayetaka mwizi amrudishie ule mchezo polepole.

Njia nyingine nilizoziona mpaka sasa: kumpa mtoto au mlevi aseme ukweli ili asisikilizwe, kusema jambo kama utani, kulisema mara mbili kwa maneno tofauti kidogo, na tofauti ndiyo jibu. Ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kuikamata ukiwa na usingizi.

Wiki ya 15

*The Poisoned Chocolates Case* ya Anthony Berkeley, mwaka 1929. Hiki nimekisoma kwa sababu ya mradi, na kimeutikisa mradi wenyewe. Watu sita wa klabu ya wapenda mambo ya jinai wanapewa kesi iliyowashinda polisi: sanduku la chokoleti zenye sumu. Kila mmoja anatoa jibu lake zamu yake ikifika. Kila jibu linaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Kisha anasimama wa baada yake na kulivunja, kwa kutumia ushahidi ule ule.

Ukikimaliza unabaki na swali la kukera. Kama ushahidi mmoja unabeba majibu sita, mpelelezi wa riwaya nyingine zote anashinda kwa nini? Anashinda kwa sababu kurasa zimekwisha. Hakuna aliyebaki wa kusimama baada yake.

Bahasha yangu ilikuwa na jina moja, na jina hilo lilitajwa kuwa la muuaji kisha likasafishwa, katikati ya kitabu. Nimejipa K. Dada anasema nijipe M kwa sababu "uliwaza kama mmoja wa wale sita, na wale sita wote ni wewe." Nimeiandika hapa kwa kuwa sijui kama ni sifa.

Wiki ya 18

Bahasha ya 14 haina kitu ndani.

Nilichukua *The Maltese Falcon* ya Dashiell Hammett, ya mwaka 1930. Nikafika theluthi mbili, nikatoa karatasi, nikashika kalamu, nikaona ninachokifanya ni upuuzi. Kuna mauaji, ndiyo, na kuna aliyeua. Lakini kitabu hakiniulizi hilo. Kinaniuliza nani anadanganya sasa hivi, katika chumba hiki, na jibu ni kila mtu, na kila mmoja kwa sababu yake. Hammett aliwahi kuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton kabla hajawa mwandishi, na unaona: watu wake wanaingia chumbani wakitazama kwanza mlango wa kutokea.

Raymond Chandler alimsifia sana Hammett katika insha yake ya mwaka 1944, "The Simple Art of Murder", akizipiga madongo riwaya za mafumbo za Kiingereza na mauaji yao ya kistaarabu. Na huyu Chandler ndiye yule ambaye *The Big Sleep* yake ya mwaka 1939 ilipokuwa inatengenezwa filamu, aliulizwa ni nani hasa aliyemuua dereva. Alisimulia mwenyewe kwenye barua kwamba hata yeye hakujua. Zamani kisa hicho nilikichukulia kama ushahidi wa uzembe. Leo nimekirudia kitabu, na nakiri kwamba nilipokisoma mara ya kwanza na mimi sikumuulizia dereva.

Kwa hiyo kipimo changu kina mpaka. Kinapima riwaya zinazocheza mchezo wa kubahatisha. Nikikipeleka kwa Hammett ni sawa na kupima kina cha mto kwa mizani. Nimewaandikia wale watano uhakiki usio na neno lolote juu ya "kupata" au "kukosa", na mmoja wao amesema ndio bora mpaka sasa. Yule wa simu, tena.

Wiki ya 20

Bahasha ya pili isiyo na kazi. *Malice Aforethought* ya Francis Iles, mwaka 1931, inakwambia mwanzoni kabisa kwamba daktari ameamua kumuua mke wake. Mtindo huu wa kuanzia mwisho ulikuwepo kabla, R. Austin Freeman aliufanyia kazi katika hadithi za *The Singing Bone* za mwaka 1912, ambako kwanza unaona uhalifu ukitendwa, kisha unaona unavyofumuliwa. Lakini Iles ana sumu zaidi. Na kuna utani wa pembeni: Iles na Berkeley, yule wa chokoleti, ni mtu mmoja. Mwaka 1929 anavunja jibu moja kuwa sita, mwaka 1931 anakupa jibu kabla ya swali.

Kitu kilichonishtua ni kwamba nilitaka daktari asikamatwe. Sura tatu nzima. Nilisimama, nikajiuliza, nikaendelea kutaka.

Wiki ya 23

Wiki hii nimechora. *Ten to Sen* ya Seichō Matsumoto, mwandishi wa Japani, ilitoka kama kitabu mwaka 1958, na nyakati za treni zilizomo ni za ratiba halisi ya mwaka 1957. Nimeisoma kwa tafsiri. Mapema tu kuna jambo dogo sana: katika stesheni ya Tokyo, kwa jinsi treni zinavyoingia na kutoka, kuna dakika 4 tu za jioni ambazo mtu aliyesimama kwenye jukwaa la 13 anaweza kuona mpaka jukwaa la 15 bila treni kuziba katikati. Dakika 4. Na katika dakika hizo hizo mtu fulani aliwaona watu fulani.

Nilichukua karatasi ya miraba. Saa nikaziweka chini, vituo pembeni, kila treni mstari wa mshazari. Nilichora kwa penseli, nikafuta, nikachora. Usiku wa pili karatasi ilikuwa na matundu. Nilipofika theluthi mbili nilimjua mtu mwenyewe. Karibu unamjua tangu mwanzo, hilo si fumbo. Fumbo ni vipi awe kule na huku. Kwenye mchoro wangu mistari miwili ilikuwa haiwezi kukutana, na mtu yule alikuwa kwenye yote miwili.

Niliandika jibu langu. Nusu yake ilikuwa sahihi, na kwa sababu za kwenye karatasi. Nimejipa U, ya pili katika mradi mzima, na sijali dada atasema nini. Nusu niliyoikosa niliikosa kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda karatasi yangu ya miraba mno. Mpelelezi wa kitabuni anakwama mahali pale pale, kwa muda mrefu kuliko mimi, na hilo limenifariji.

Wiki ya 26

Maj Sjöwall na Per Wahlöö, Uswidi. Waliandika pamoja vitabu 10 kati ya 1965 na 1975. Nimesoma kile cha kwanza, *Roseanna*. Polisi wanasubiri. Wanaandika barua, wanasubiri majibu. Mpelelezi ana mafua. Miezi inapita. Kwa mtu aliyezoea mauaji matatu kabla ya ukurasa wa 100, ilikuwa kama kushushwa kwenye gari na kuambiwa utembee. Nilipozoea mwendo sikutaka kupanda tena. Bahasha: K, na sikujali.

Wiki ya 29

Vitabu 20 vimetimia. U tatu, M nane, K saba, na viwili visivyo na bahasha. Ile U ya tatu ilipatikana kitabu cha 19, kwa barua iliyodaiwa kuandikwa asubuhi na mtu ambaye tulishaambiwa miwani yake ilivunjika usiku.

Jambo ambalo sikulitegemea: nikivipanga vitabu kwa jinsi nilivyovipenda, zile K ndizo zinazojaa juu. Si zote. Mbili kati ya K zangu ni za hasira, maana mwandishi alimtoa muuaji mfukoni sura ya mwisho na hata Knox angelia. Lakini tano zilizobaki ni zile ambazo nilirudi nyuma nikakuta kila kitu kimesemwa, kwa lugha nyepesi, na mimi nilikuwepo. Zile M nane, nilizojivunia mwanzoni, zimekaa chini kabisa. Nilimjua mtu, nikafika mwisho, nikaambiwa ni yeye, nikalala.

Uhakiki wangu nao umebadilika umbo. Wa kwanza ulikuwa muhtasari wenye sifa tatu mwishoni. Sasa nauanza na ukurasa mmoja wa kitabu, wowote wa kabla ya sura ya tano, nausoma kwa karibu: nani anaongea, anakatizwa na nani, kitu gani kimetajwa bila sababu. Sisemi kama kitu hicho kina maana. Mara nyingine nachagua makusudi kisicho na maana yoyote, ili yule wa simu asinipekue mifuko. Amegundua. Anasema sasa anasoma uhakiki wangu kwa kushuku zaidi kuliko riwaya zenyewe.

Wiki ya 31

Kile kitabu cha uzi mweusi kilizunguka kwa wote watano kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, na kimepita kwangu leo kwa mara ya mwisho. Sikuwa nimemwambia mtu aandike. Ukurasa wa 41, chini ya HUYU!, kuna mistari minne mipya ya penseli kwa miandiko minne. Wa kwanza: "nakubali." Wa pili: "mimi pia, ila kwa sababu nyingine." Wa tatu ameweka alama ya kuuliza tu. Wa nne ni wa dada, naujua ule mkia wa herufi y: "Msimsikilize huyu. Nendeni 102, mkasi."

Nimekwenda 102. Nimesoma ukurasa mzima mara mbili. Mkasi upo pale, mkononi mwa mkwe, umelowa, na siku ile tumeambiwa mvua haikunyesha.

Nilikuwa nimeutupa.